Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya (1891–1947)

Katika maulamaa wa Afrika ya Mashariki waliotumikia sheria na kuwatetea watu wao kwa wakati mmoja, ni wachache waliofikia daraja ya Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui. Kwao ni Mombasa, mbali na ziwa Kivu, wala jina lake halisikiki sana Gisenyi ila kwa waliosoma. Lakini Uislamu wa nchi hii uliletwa na wafanya biashara na askari waliosema Kiswahili, tangu zama za Wadachi, na watoto wa huku wakafundishwa dini yao kwa lugha hiyo. Sheikh al-Amin ni katika watu wa mwanzo walioifanya lugha hiyo ichukue, kwa maandishi ya gazeti na kitabu, mambo ya fiqhi na ya siasa yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiarabu tu. Basi ni haki maisha yake yajulikane huku pia.

Alizaliwa Mombasa katika Januari 1891, yaani mwaka 1308 wa Hijra. Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kwa takriban miaka mia, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipouondoa mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mashuhuri ambaye Sayyid Barghash alimtia gerezani Unguja. Akafunguliwa Barghash alipokufa mwaka 1888. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, naye mwanawe ni mdogo bado. Mwaka uliofuata Waingereza wakatangaza himaya yao, na Mbaruk bin Rashid, wa ukoo huo huo, akaingia vitani nao, akashindwa. Mtoto huyu, basi, alikulia katika nyumba iliyokuwa na fahari ya zamani na isiyokuwa tena na amri.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi. Baadaye alikwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, mabahari wawili wa elimu ya Kishafi waliofariki wote mwaka 1925. Hapo ndipo elimu yake ilipokamilika kwa njia ya wazee. Lakini alikuwa na mlango mwingine. Alisoma kwa bidii maandishi yaliyotoka Misri, hasa ya Sheikh Muhammad Abduh na ya mwanafunzi wake Rashid Rida, mwenye gazeti la al-Manar lililoanza mwaka 1898. Humo alikuta swali lililomshughulisha maisha yake yote: kwa sababu gani Waislamu wamekuwa nyuma, na dini yao inawaamrisha kusoma?

Jawabu yake hakuitafuta mbali. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa Viktoria mwaka 1901, na biashara ya mji ikawaponyoka wenyeji. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba la pwani athibitishe haki yake kwa serikali; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya serikali, na waliopata hati wengi wakauza. Fedha za mashamba zikaishia katika karamu. Shule zenye masomo ya dunia zilikuwa nyingi mikononi mwa mapadri, na wazazi wa Kiislamu wakaogopa kuwapeleka watoto wao. Khofu hiyo wazee wa Rwanda wanaijua vyema, kwani katika utawala wa Wabelgiji shule za huku zilikuwa za misheni, na Waislamu waliokaa katika mitaa yao mbali mbali na wengine wakabaki bila ya kalamu wala kazi ya ofisi.

Mwaka 1930 Sheikh al-Amin alianza kutoa as-Sahifa. Lilikuwa jambo dogo kwa macho: karatasi moja kila wiki, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ili kila aliyepita chuoni aweze kuisoma, mwanamume na mwanamke. Ndani yake hakukuwa na maneno ya kubembeleza. Aliwakemea watu wake kwa kuuza ardhi na kufuja mali katika arusi na matanga. Aliwataka wasomeshe watoto wa kike, jambo lililowakera wazee wengi wakati ule. Aliwalaumu vijana walioiga Wazungu katika nguo na ulevi, wakaacha kuiga bidii yao na elimu yao. Hakusema shule za kisasa ni haramu. Alisema mtoto wa Kiislamu apate dini na Kiarabu pamoja na hesabu na masomo ya dunia, na kwamba ni wajibu wa Waislamu wenyewe kuidai haki hiyo kwa serikali na kuitolea mali. Wala serikali haikuachwa: alionyesha wazi jinsi watu wa mwambao walivyokuwa wakinyimwa sehemu yao katika nchi yao.

Mwaka 1932 akaanzisha gazeti kubwa zaidi, al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Wapo waliomchukia, hasa kwa kuzisema baadhi ya mila zilizokuwa zimepewa sura ya dini. Lakini hapakuwa na aliyeweza kumwambia kwamba hajui anachosema, kwani elimu yake ya fiqhi ilikuwa juu ya elimu zao.

Mwaka huo huo wa 1932 akafanywa Kadhi wa Mombasa, na gazeti halikudumu baada ya hapo. Hapa pana jambo la kufikiriwa. Kadhi alikuwa mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali hawezi kuitia serikali makosani kila wiki. Yawezekana kusema kwamba Waingereza walipata faida maradufu: walipata kadhi mwema, na kalamu kali ikanyamaza. Kwa upande wa pili, mahakama za kadhi zilikuwa zimebakia kwa Waislamu katika utawala ule, nazo zilikuwa na mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Na juu yake walikaa majaji wa Kiingereza waliopokea rufaa. Hatari haikuwa ya kubuni. Tangu mwaka 1894 baraza kuu la rufaa la London lilikwisha amua, katika kesi ya India, kwamba wakfu uliowekwa kwa manufaa ya kizazi cha mwenyewe, huku sadaka kwa maskini ikiwekwa mbali mno, haufai, ijapokuwa wanachuoni wameukubali kwa karne nyingi. Mahali kama hapo palihitaji mtu anayeijua sheria kwa dalili zake, asiyetikisika mbele ya mkubwa. Ukipima pande mbili, yeye alichagua kulinda kilichobaki, na ni vigumu kusema alikosea, ijapokuwa hasara ya gazeti ilikuwa kubwa na pengo lake halikuzibwa upesi.

Mwaka 1937 alipandishwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika cheo hicho mpaka kufa kwake. Kalamu haikulala kabisa. Iliacha gazeti ikashika vitabu. Makala zilizochaguliwa kutoka as-Sahifa zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Aliwaandikia watoto Hidayat al-Atfal, akaandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wake, ambayo ilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Tena akaanza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri iliyokuwako ilikuwa ya padri Godfrey Dale, ya mwaka 1923; kwa Sheikh al-Amin ilikuwa aibu Waislamu wapokee maana ya Kitabu chao kutoka kwa mtu asiyekiamini. Kazi hiyo hakuimaliza.

Alifariki Mombasa katika Aprili 1947. Siku zile zile, tarehe 31 Machi, mbali huko Mahabad katika nchi ya Wakurdi ya Iran, kadhi mwingine, Qazi Muhammad, alinyongwa hadharani. Yeye alitangaza jamhuri ya Wakurdi katika Januari 1946, na haikutimiza mwaka. Makadhi wawili hawa kila mmoja aliona watu wake wamekuwa wageni katika ardhi yao. Mmoja alishika bendera, mwingine akashika kalamu na kiti cha hukumu. Na yule wa Mahabad pia, katika miezi michache aliyopewa, alisimamia shule na magazeti ya Kikurdi.

Sheikh al-Amin aliacha watoto, mmoja wao akiwa Ali, wa miaka 14, ambaye baba alimtakia Azhar. Hakwenda huko, alisoma Uingereza na Marekani, akawa profesa aliyejulikana ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2014. Katika elimu ya dini, warithi wake walikuwa wanafunzi. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alishika cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya uhuru ulipopatikana mwaka 1963, akaendeleza uandishi wa magazeti na vitabu kwa Kiswahili. Aliyemfuata katika cheo hicho mwaka 1968 ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyechukua mengi kwa Sheikh al-Amin. Na tafsiri ya Farsy ya Kurani nzima kwa Kiswahili ikatoka Nairobi mwaka 1969, miaka 22 baada ya ile ya kwanza kuachwa katikati.