Daktari Aliyetia Goti la Pembe ya Ndovu

Tarehe 1 Julai mwaka 1890, mjini Berlin, wakubwa wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba ambao habari zake twazijua vyema sisi watu wa pwani. Wajerumani waliiachia Uingereza Witu, wakakubali Unguja iwe chini ya himaya ya Waingereza, nao wakapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Wiki sita kabla ya hapo, katika mji huohuo, daktari mmoja alifanya jambo ambalo halikuingia katika mkataba wowote, lakini leo lamgusa kila mzee anayeshika ukuta ili apate kuinuka. Alimtoa msichana wa miaka 17 goti lililoliwa na kifua kikuu, akamtia goti jipya la pembe ya ndovu.

Daktari huyo aliitwa Themistocles Gluck. Nimeona niwaletee wasomaji habari za maisha yake kwa sababu hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe mazungumzo ya barazani baada ya swala ya alasiri hayakosi habari za magoti. Huyu ameambiwa gegedu limekwisha, yule ameshauriwa abadilishwe goti, na wa tatu anauliza kama akishabadilishwa ataweza kukaa tahiyatu. Nami nawasikia wengi wakidhani kwamba kazi yote ni ya mfupa na chuma. Habari ya Gluck na ya waliomfuata yaonyesha kwamba sivyo.

UJANA WAKE

Gluck alizaliwa tarehe 30 Novemba 1853 katika mji wa Iași, katika nchi ambayo leo ni Romania. Baba yake alikuwa tabibu, naye kijana akaifuata kazi ya baba. Alisomea udaktari Ujerumani, akapata kufundishwa na mabwana wawili waliosifika mno zama zile: Rudolf Virchow, bingwa wa elimu ya maradhi, na Bernhard von Langenbeck, aliyekuwa mkuu wa wapasuaji wa Berlin.

Tangu ujana wake alishikwa na fikra moja. Aliamini kwamba kitu kilichoharibika katika mwili chaweza kutiwa kingine mahali pake. Alifanya majaribio mengi kwa wanyama, akiunga mishipa ya fahamu na misuli iliyokatwa, na akiangalia mwili unakubali kitu gani kigeni na kukataa kipi. Wakati ule mtu mwenye goti lililooza hakuwa na njia njema. Ama alikatwa mguu, ama kiungo chenyewe kiliondolewa na mifupa miwili ikaachwa ishikane, mguu ukakakamaa mpaka kufa kwake.

Katika kutafuta kwake, Gluck aliona kwamba pembe ya ndovu yafaa. Ni ngumu, yachongeka vizuri, na mwili haukuikataa upesi. Pembe si kitu kigeni kwetu. Katika karne ile Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki. Misafara ilizishusha kutoka bara, nazo zikavushwa bahari kwenda India, Ulaya na Marekani kufanywa bangili, vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Gluck akaifanya pembe kuwa goti.

Alichonga vipande viwili, kimoja cha kuingia katika mfupa wa paja na kimoja katika muundi, akaviunganisha kwa bawaba mfano wa bawaba ya mlango. Ili vishike, alitumia parafujo zilizopakwa nikeli, na pia saruji aliyoitengeneza mwenyewe kwa utomvu wa msonobari, unga wa jiwe la volkano na plasta. Msichana yule alipasuliwa tarehe 20 Mei 1890. Baadaye Gluck alitia magoti mengine, na kiwiko, na kifundo cha mkono.

KUNYAMAZISHWA

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri kwa kadiri ya kushangaza. Maumivu yalipungua, na mguu ulikunjika. Lakini wagonjwa aliowachagua walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na dawa ya kuua wadudu wa maradhi hayo haikuwako. Maradhi yalibaki ndani ya mifupa, usaha ukaanza kutoka, na magoti yale yakaharibika moja baada ya moja.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo madaktari wa dunia nzima walikutana Berlin katika mkutano wao wa kumi. Hapo ndipo Robert Koch alipotangaza dawa yake ya kifua kikuu, ambayo baadaye ilionekana kwamba haiponyeshi. Gluck naye alitaka kuwaonyesha wageni wagonjwa wake. Akazuiwa na Ernst von Bergmann, aliyekuwa amekirithi kiti cha Langenbeck. Bergmann alimwambia kwamba hatakubali upasuaji wa Ujerumani uaibishwe mbele ya mataifa, akamtaka aache kabisa jambo lile. Bergmann hakuwa mtu mdogo wala mjinga, kwani yeye ni katika walioeneza desturi ya kusafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke, na kwa hiyo aliuogopa usaha kuliko wengi.

Gluck hakuhutubia. Mwaka 1891 aliandika matokeo ya kazi yake katika jarida la wapasuaji, mazuri na mabaya pamoja, akakiri kwamba kiungo chenye kifua kikuu hakifai kutiwa kingine mpaka maradhi yaishe. Kisha aliendelea na kazi yake ya kupasua watoto wagonjwa katika hospitali ya watoto ya Berlin. Jambo la magoti likalala kwa zaidi ya nusu karne. Gluck alifariki Berlin tarehe 25 Aprili 1942, akiwa na umri wa miaka 88, wakati mji ule ulikuwa katikati ya vita vikuu vya pili.

KILICHOKOSEKANA

Wengi husema kwamba Gluck alishindwa kwa sababu ya usaha tu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hata bila usaha, bawaba ile isingedumu sana. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alirudia goti la bawaba, na wakati huo dawa za kuua vijidudu zilikuwa zimekwisha patikana. Hata hivyo bawaba za namna ile zilikuwa na tabia ya kulegea ndani ya mfupa.

Sababu yake ni hii. Bawaba yajua kufunguka na kufungika tu. Goti alilotuumbia Mwenyezi Mungu hukunjika, na papo hapo huteleza kidogo na kuzunguka kidogo. Wala halishikwi na mfupa, bali lashikwa na kano nne zinazofunga mfupa wa paja na muundi: moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili zinazopishana katikati. Ukizitoa kano ukaweka bawaba, kila msokoto wa mguu waiangukia bawaba, nayo yautikisa mfupa mpaka inalegea.

Mwaka 1968 Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Uingereza kwa John Charnley, alitia goti lisilo na bawaba, akaziacha kano zifanye kazi yake. Baada yake Michael Freeman wa London, na John Insall wa New York aliyeanza kutumia goti la namna mpya mwaka 1974, walishika neno moja: haitoshi kukata mfupa vizuri, lazima kano zisawazishwe.

Anayejua kutanda kitanda cha kamba ataelewa mara moja. Kamba zikikazwa upande mmoja na kulegezwa upande wa pili, kitanda hupinda na mlalaji hubingirika. Mtu mwenye matege, kano yake ya ndani imekuwa fupi na ya nje imevutika. Daktari akitia chuma kipya bila kuliangalia hilo, mguu utaonekana umenyooka mezani, lakini uzito wote utaanguka upande mmoja.

Kwa hiyo daktari hukata mifupa, akaondoa vinundu vya mfupa vinavyoisukuma kano, kisha akaupima mwanya uliobaki mguu ukiwa umenyooshwa, na tena ukiwa umekunjwa. Mwanya huo sharti uwe sawa ndani na nje, na usawa huo uwepo katika hali zote mbili. Upande uliokaza hulegezwa kidogo kidogo na kupimwa tena. Ukibana mno, goti halikunjiki na lauma. Ukilegea mno, mtu akishuka ngazi goti lamponyoka. Tofauti ya goti jema na baya ni milimita chache tu.

Na lile swali la tahiyatu? Goti lililobadilishwa mara nyingi hukunjika kiasi cha kukaa kitini na kuinuka kwa raha, lakini kikao cha tahiyatu chataka mkunjo mkubwa zaidi, na wengi hawaufikii. Sheria imemrahisishia asiyeweza, naye huswali juu ya kiti bila ya kupungukiwa.

Basi mzee au bibi anayekwenda kwa daktari asiulize tu chuma kimetoka nchi gani na kitadumu miaka mingapi. Amwambie daktari mapema kwamba yeye huswali chini na hukaa mkekani, ili aelezwe kwa uwazi atakachoweza na asichoweza. Aulize pia jinsi kano zake zilivyo na jinsi zitakavyosawazishwa. Na akishapasuliwa, ayafanye mazoezi aliyopewa tangu siku za mwanzo, hata yakiuma, kwa maana goti lililoachwa limelala hukakamaa, na usawa uliotafutwa kwa milimita ukapotea bure.