William Henry Perkin: Kutoka Chupa Hadi Kiwanda

Kurani Tukufu inatufundisha ya kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba kitu chochote bure, nayo inawasifu wale wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mlango huo wa kutafakari haukufungwa kwa taifa lolote. Kila ajitahidiye hupewa sehemu yake. Maisha ya Mwingereza William Henry Perkin ni ushahidi mmojawapo.

Perkin alizaliwa London mwaka 1838, akaingia Chuo cha Kifalme cha Kemia akiwa na umri wa miaka 15. Mwalimu wake, Mjerumani August Wilhelm Hofmann, alitamani kwinini, dawa ya malaria, itengenezwe na binadamu pasipo kutegemea magamba ya mti wa sinkona. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 1856 kijana huyo alijaribu jambo hilo nyumbani kwao, kwa kutumia anilini itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata unga mweusi, nao ulipoyeyushwa katika spiriti ukatoa rangi nzuri ya zambarau. Mwingine angaliumwaga, yeye alichovya hariri, akaona rangi haichujuki kwa kufuliwa wala kwa jua.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana chupa moja si kiwanda. Hofmann hakupendezwa na kuondoka kwake chuoni, lakini baba yake, George, aliyekuwa mjenzi, alitoa sehemu kubwa ya akiba yake, na mwaka 1857 Perkin na kaka yake Thomas wakajenga kiwanda huko Greenford Green. Anilini haikupatikana sokoni kwa wingi. Iliwabidi waitengeneze wenyewe kutokana na benzini, kwa asidi kali, ndani ya vyombo vikubwa vya chuma walivyovibuni. Jambo lililo jepesi katika chupa, katika pipa kubwa laweza kuleta mlipuko joto likizidi. Tena pamba haikuishika rangi kama hariri, basi ikabidi itafutwe dawa ya kuishikiza, na Perkin mwenyewe akawaendea watia rangi kuwaelekeza.

Mwaka 1869 alipata njia ya kutengeneza kwa wingi alizarini, rangi nyekundu ambayo tangu kale ilitolewa katika mizizi ya mmea. Mwaka huo kiwanda kilitoa tani 1, mwaka 1870 tani 40, na mwaka 1871 tani 220. Lakini faida hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake: wakulima wa mmea huo huko Ufaransa walipoteza soko lao. Elimu ni amana, na mwenye nayo hana budi kuwafikiria pia wale itakaowadhuru.

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 36 tu, Perkin aliuza kiwanda chake akarudi katika utafiti. Alikuwa Mkristo mcha dini, na utajiri haukumfunga. Alifariki tarehe 14 Julai 1907.

Ndugu wasomaji, hata leo kwinini hutolewa katika magamba ya mti ule ule alioushindana kijana yule. Basi mwanadamu asijivune kwa elimu yake, wala asikate tamaa anapokosa alichokitafuta. Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu elimu yenye manufaa, subira ya kuifikisha kwa watu, na moyo usiotekwa na mali. Amin.