Mobutu, Vita na Bei ya Chumvi

Maisha ya Mobutu Sese Seko yamekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila mara yameandikwa kutoka Kinshasa, Brussels au Paris. Mimi nimeamua kuyasoma kutoka Pangi, huku Maniema, katika nchi ya Warega, mahali ambapo Raisi alikuwa picha ukutani na sauti redioni. Sababu yangu ni moja. Pangi ni mbali na kila kitu, lakini haikuwahi kuwa mbali na vita wala na bei ya mafuta. Vita vikizuka Angola, au bei ya petroli ikipanda Uarabuni, mama wa Kalima au wa Kampene huvijua kwa kipimo cha chumvi sokoni. Swali langu basi ni hili: misukosuko hiyo ilimfikaje mtawala aliyekaa miaka 32 bila kushindana na mtu kwa kura? Na mwananchi aliyeumia alikuwa na njia gani ya kumfanya asikie?

Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930, akaitwa Joseph-Désiré. Baba yake alikuwa mpishi wa Wabelgiji, na alifariki mtoto akiwa angali mdogo. Mama yake, Yemo, ndiye aliyehangaika naye. Alisoma kwa wamisionari, kisha akaingizwa katika jeshi la kikoloni, Force Publique, ambako alishika kazi ya karani. Alipotoka jeshini mwaka 1956 akawa mwandishi wa habari huko Léopoldville. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa sisi ni watu wa kitivo cha lugha: kabla ya kushika nchi kwa bunduki, mtu huyu alijifunza kazi ya maneno. Alijua habari inavyotungwa na alijua habari inavyonyamazishwa.

Katika uandishi ndipo alipokutana na Patrice Lumumba na kuwa mtu wake wa karibu. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, na jeshi likaasi siku chache baadaye, Lumumba alimpa Mobutu ukuu wa majemadari. Tarehe 14 Septemba mwaka uleule Mobutu aliwaweka kando Raisi Kasavubu na Lumumba wote wawili. Desemba askari wake walimkamata Lumumba, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Maniema, ambako chama cha Lumumba kilikuwa na nguvu, haikusahau. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu mwezi wa Julai, na jeshi la serikali likairudisha mwanzoni mwa Novemba likisaidiwa na mamluki wa kizungu. Mkuu wa jeshi lile alikuwa Mobutu. Kwa hiyo kabla hajawa raisi wetu alikuwa tayari ametufikia kwa njia ya vita.

Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa madaraka yote. Lazima niseme kweli: watu wengi walishusha pumzi. Miaka mitano ya damu ilikuwa imewachosha, na aliyeahidi utulivu alipokewa kama mvua baada ya kiangazi. Hapo ninaona somo la kwanza. Mpiga kura aliyetoka vitani kwanza hutaka usingizi wa usiku mmoja bila mlio wa risasi. Uhuru wa kusema ataudai baadaye. Mobutu alilijua hitaji hilo na akalitumia kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mwaka 1967 aliunda chama chake, MPR, kikawa chama cha pekee. Uchaguzi wa 1970 ulikuwa na mgombea mmoja na karatasi za rangi mbili: kijani kwa matumaini na nyekundu kwa vurugu. Kati ya kura zaidi ya milioni 10, nyekundu hazikufika 200 nchi nzima. Idadi hiyo haikumwambia kitu chochote juu ya bei ya chumvi. Mtawala aliyejinyima kura nyekundu amejinyima pia habari.

Miaka ile ya kwanza fedha ilikuwepo. Shaba ya Katanga iliuzwa vizuri, kampuni kubwa ya Wabelgiji ilitaifishwa mwaka 1967, na nchi ikapewa jina la Zaire mwaka 1971. Mwaka uliofuata majina ya kikristo yakaachwa, naye Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Kwa masikio ya wengi lilikuwa neno tamu. Lakini waliopewa, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa chama na jamaa zao. Wengi wao waliuza mali iliyokuwa dukani na hawakuagiza nyingine. Rafu zikabaki tupu.

Na saa ilikuwa mbaya kuliko zote. Oktoba 1973 vita vilizuka kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, na mpaka mwanzo wa 1974 bei ya petroli duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Zaire ilikuwa inanunua mafuta nje kwa fedha za shaba. Kisha, katikati ya 1974, bei ya shaba nayo ikaporomoka, na mwanzo wa 1975 haikufika hata nusu ya kilele chake. Serikali iliyokuwa imekopa ikidhani shaba itapanda daima ikajikuta na madeni isiyoweza kuyalipa. Oktoba 1974 dunia nzima ilikuwa ikiitazama Kinshasa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Hesabu za nchi zilikuwa zimekwisha kuvunjika.

Hebu tuirudishe hesabu hiyo Pangi. Reli inayotoka Kindu kwenda Katanga haikuwa ya umeme. Injini zake hula mazuti. Lori linalobeba mizigo kutoka Kindu kuja Kalima hula mazuti pia. Mazuti yakikosekana, mchele na mawese ya mkulima hubaki kijijini bila mnunuzi, na chumvi, sabuni na vitambaa havifiki. Mkulima hupigwa mara mbili: anachouza kinashuka na anachonunua kinapanda. Kasiterite ya Kalima nayo, ingawa huchimbwa chini ya miguu yetu, bei yake hupangwa London. Umeme ulikuwepo Kalima, wa maporomoko ya maji, lakini ulijengwa kwa ajili ya migodi. Kijiji kilichokuwa nje ya uzio wa kampuni kilikaa na taa ya mafuta, na mafuta yake yalipanda bei pamoja na mengine.

Juu ya njaa ikaja vita. Mobutu alikuwa amejiingiza katika ugomvi wa Angola akimuunga mkono Holden Roberto, na upande wake ukashindwa. Agosti 1975 reli ya Benguela, njia fupi ya kupeleka shaba baharini, ilifungwa. Machi 1977 askari wa zamani wa Katanga walivuka kutoka Angola wakaingia Shaba. Jeshi la Zaire, ambalo mishahara yake ilikuwa imeliwa njiani na wakubwa, lilikimbia. Askari wa Moroko, walioletwa na ndege za Kifaransa, ndio waliomwokoa Mobutu. Mei 1978 waasi walirudi na kuuteka mji wa Kolwezi, na safari hii wakaja askari wa miavuli wa Ufaransa na wa Ubelgiji.

Sasa tazama siasa ya ndani ilivyofuata nyayo za vita. Baada ya hofu ya 1977, wafadhili wakimsukuma na wananchi wakinung'unika, Mobutu alifungua dirisha. Alirudisha cheo cha waziri mkuu, kisha Oktoba mwaka ule akaruhusu wagombea wengi washindane kwa viti vya bunge, ingawa wote ndani ya MPR. Wabunge waliochaguliwa hivyo wakaanza kuwahoji mawaziri hadharani: fedha za shaba zimekwenda wapi? Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kilio cha soko kilipata mdomo katika ukumbi wa taifa. Lakini vita vya 1978 vilipokwisha, na madeni yakasogezwa mbele na wakopeshaji, hofu ilimtoka. Mwaka 1980 dirisha lilifungwa na wabunge wakapunguziwa nguvu za kuhoji. Wabunge 13 walipomwandikia barua ndefu ya lawama Novemba ya mwaka huo, jibu lake lilikuwa kifungo na uhamisho wa ndani. Kutoka kwao kulizaliwa chama cha UDPS mwaka 1982.

Mimi naona hapo ndipo moyo wa maisha haya ulipo. Mobutu alifungua mlango kila alipoogopa, na kuufunga kila alipookolewa. Aliyemwokoa hakuwa mlipa kodi wa Pangi, bali ndege ya kigeni na mkopo wa kigeni. Basi masikio yake yaligeukia huko msaada ulikotoka. Wapo wanaosema kwamba bila askari wale wa nje nchi ingesambaratika, na hoja yao si ya kupuuza, kwani raia wengi waliuawa Kolwezi. Lakini kuokoa nchi na kumwokoa mtawala asiulizwe ni mambo mawili, na Zaire ilifanyiwa yote mawili kwa tendo moja.

Mwananchi alilipa gharama. Siku ya Noeli ya 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Fikiria mkulima aliyeweka akiba yake ndani ya kopo chini ya kitanda, na benki iko safari ya siku kadhaa. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya petroli ilikuwa imepanda tena kwa sababu ya mapinduzi ya Irani. Septemba 1983 fedha ya zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu. Oktoba 1985 soko la bati likaanguka London, na migodi ya Kalima, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya SOMINKI, ikaanza kunyauka.

Katikati ya hayo yote alijenga Inga. Bwawa la pili lilifunguliwa mwaka 1982, na nyaya za umeme zikavutwa kilometa zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi. Zilipita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata taa moja. Wachambuzi wengi wameeleza kwamba kazi yake nyingine ilikuwa ya kisiasa: Katanga iliyowahi kujitenga iwe na swichi yake karibu na Kinshasa. Nishati ikawa kamba ya kufungia jimbo.

Vita baridi vilipoelekea mwisho, waokoaji walichoka. Mwanzoni mwa 1990 Mobutu alizunguka nchi kusikiliza watu, na zaidi ya maandiko 6,000 yaliletwa kwake. Watu walioambiwa miaka 20 kwamba wanachagua kijani kwa furaha walilalamika juu ya mishahara, barabara, hospitali na wizi wa wakubwa, na wengi waliomba vyama vingi. Tarehe 24 Aprili 1990 alikubali, akilia machozi mbele ya umati. Lakini alikubali kwa mdomo. Uchaguzi uliongojwa haukufanyika. Askari wasiolipwa walipora miji mwaka 1991 na tena 1993. Na baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, vita vilivuka mpaka. Mwishoni mwa Februari 1997 Kindu iliangukia mikononi mwa AFDL. Tarehe 17 Mei Kinshasa nayo ikaanguka. Mobutu, akiwa na saratani, alikimbia, akafia Rabat tarehe 7 Septemba 1997, na huko ndiko alikozikwa.

Katika mila ya Bwami ya wazee wetu Warega, mtu hupanda daraja moja baada ya jingine, na kila hatua jamaa na wenzake humpima mwenendo. Hakuna anayeruka mpaka kindi kwa nguvu ya mkono. Sidai kwamba nchi kubwa iendeshwe kama Bwami, lakini wazo lake ni lilelile la kura: mkubwa awe na mtu wa kumpima, na mtu huyo awe karibu.

Ninaandika haya wakati misukosuko ileile imerudi na majina mapya. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya petroli duniani, na kila aliyepanda pikipiki Kindu alilipia vita hivyo. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 wananchi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilichukuliwa na M23, miji ambako mizigo mingi ya Maniema ilikuwa ikitoka. Wagombea watakuja tena kutuomba kura kwa neno la usalama, na usalama ni haki yetu. Ila tuwaulize pia nani anawalipa, na kwa nani wanakimbilia wakipata shida. Wakitujibu kwamba wanakimbilia kwetu, tuwape karatasi yetu na tuwadai hesabu ya chumvi.