Rudolf Diesel na Mashine ya Mjomba

Watu wengi hulitaja jina la Bwana huyu kila siku wala hawajui kwamba ni jina la mtu. Kwetu Busia, mpakani, malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala hupanga foleni ndefu, na madereva huulizia dizeli kama mama zetu waulizavyo chumvi. Mimi nami sikujua, mpaka mashine ya kusaga ya mjomba wangu ilipokataa kuwaka. Basi nataka kuwasimulia habari zake.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka wa 1870 vita vilitokea kati ya nchi hizo mbili, na Wajerumani wakafukuzwa Paris. Jamaa hiyo ilikimbilia London katika hali ya umaskini. Rudolf, mtoto wa miaka 12, alipelekwa Augsburg kukaa kwa ndugu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Sisi wa mpakani, tulio na jamaa huku na huku, twajua uchungu wa mtoto wa namna hiyo.

Alisoma kwa bidii, akaingia chuo cha ufundi cha Munich. Mwaka wa 1879 aliugua homa ya matumbo, asiweze kufanya mtihani pamoja na wenzake. Hakukata tamaa, aliufanya mwaka wa 1880, akashinda vizuri sana. Mwalimu wake, Profesa Carl von Linde, aliwafundisha kwamba injini za mvuke za siku zile zilipoteza karibu sehemu 9 katika 10 za joto la makaa. Jambo hilo lilimkaa Rudolf moyoni.

Wazo lake ni hili. Ukijaza upepo gurudumu la baisikeli, pampu hupata moto mkononi, kwa sababu hewa ikisongwa hupata joto. Diesel alifikiri kwamba hewa ikisongwa sana ndani ya silinda, itapata joto la kuwasha mafuta bila cheche yo yote. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1893, na kiwanda kimoja cha Augsburg kikamtengenezea injini. Tarehe 10 Agosti mwaka huo walitia mafuta. Yakawaka kwa kishindo, na chombo cha kupimia kikapasuka. Lakini injini haikuweza kujiendesha. Hewa ilivuja penye pistoni na penye valvu, na hewa ikivuja joto nalo hutoroka. Walifungua, wakarekebisha, wakajaribu tena, hata mwaka wa 1897 Profesa Moritz Schröter alipoipima akaona kwamba sehemu 26 katika 100 za joto zimegeuka kuwa kazi. Hakuna injini ya siku zile iliyofikia hapo.

Sasa nirudi kwa mjomba. Mashine yake ndiyo inayonilipia karo. Nilipokuwa kidato cha pili ilianza kutoa moshi mweupe asubuhi, kisha ikakataa kuwaka kabisa. Fundi mmoja alisema imekwisha, iuzwe kama chuma chakavu. Mjomba alikuwa amekwisha kumtafuta mnunuzi, nami nikajua kwamba masomo yangu yatauzwa pamoja nayo.

Ndipo alipokuja mzee mmoja fundi kutoka upande wa Tororo. Aliizungusha injini kwa hendeli polepole, akaona hendeli haina ugumu, na katika bomba la moshi mkasikika pumzi ikitoka. Akasema ugonjwa u katika valvu ya moshi. Alifungua silinda hedi, akaigeuza juu chini, akamimina mafuta ya taa juu ya valvu zilizofungwa. Valvu ya hewa ilishika. Ya moshi ikadondosha mafuta, tone baada ya tone. Aliitoa, akapaka dawa ya kusagia penye ukingo wake, akaisugua kwenye kiti chake huku na huku, akiinyanyua na kuigeuza mara kwa mara, mpaka ukingo ukawa na mstari wa kijivu usiokatika. Kisha akaosha yote kwa uangalifu, maana dawa ile ikibaki itakula injini. Akamimina mafuta ya taa tena. Tulingoja, halikutoka hata tone moja. Alifunga kila kitu kwa gasketi mpya, na jioni ile watu walisaga mahindi.

Niliposoma baadaye maisha ya Diesel niliona kwamba alitamani injini yake iwafae mafundi wadogo, si matajiri wa viwanda peke yao. Tena katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, injini moja ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, zao tunalolima sisi.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Madeni yalimlemea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli Dresden akienda Uingereza, asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, na vitu vilivyotolewa mifukoni mwanawe akavitambua. Jinsi alivyokufa watu wanabishana hata leo.

Hakuiona Busia, wala hakujua kwamba mtoto wa huku atasomeshwa kwa injini yake. Lakini kazi aliyoifanya Augsburg miaka ile ndiyo aliyoifanya mzee wetu siku ile: kutafuta mahali padogo panapovuja, na kutokubali kwamba kitu kimekwisha kabla ya kukifungua na kukitazama. Mwaka huu namaliza shule, na mashine ingali inasaga.