Ludwig Wittgenstein: Askari Aliyebeba Injili Vitani

Ludwig Wittgenstein alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1889, katika familia yenye utajiri mkubwa, akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Ujanani imani yake ilififia, naye akazama katika falsafa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alijiunga na jeshi kwa hiari. Akiwa Tarnów, katika Poland ya leo, alinunua dukani kitabu cha Leo Tolstoy kinachosimulia Injili kwa ufupi. Alikichukua kila alikokwenda, akakisoma tena na tena, hata askari wenzake wakamtambua kwa Injili yake. Mwaka 1916 alipangiwa, kwa ombi lake mwenyewe, kituo cha hatari cha kumchunguza adui. Huko, mizinga ikinguruma, alimwomba Mungu amtie nguvu.

Kitabu hicho kilikuwa na kasoro kubwa: Tolstoy aliiacha miujiza na Ufufuko wa Bwana. Hata hivyo, mafundisho ya Kristo yaliyobaki humo yalimgusa sana. Baada ya vita aliwaachia ndugu zake urithi wake wote, akaenda kufundisha watoto vijijini.

Hakurudia maisha ya sakramenti. Alipokuwa akifa Cambridge mwaka 1951, rafiki zake Wakatoliki walimwita padre, naye akazikwa kwa sala za Kanisa.

Ndugu wapendwa, yeye alishika Injili pungufu, akaibeba kati ya risasi. Sisi tunayo Injili kamili, na nyumba zetu zina amani. Je, tunaifungua?