Mzee Aliyecheza na Watoto

Mwaka 1849, katika mji mdogo wa Bad Liebenstein huko Ujerumani, watu walikuwa na kichekesho chao. Mzee mmoja mwenye mvi ndefu alikuwa akipanda kilimani na kundi la watoto wa kijijini, wengi wao miguu mitupu, akicheza na kuimba pamoja nao. Watu wakamwita mpumbavu. Mzee huyo ni Friedrich Fröbel, na matunda ya kazi yake twayaona leo kila penye shule ya chekechea. Yafaa sisi wazazi tuyajue maisha yake.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, mama yake alifariki. Baba, mchungaji wa Kilutheri mwenye shughuli nyingi, alioa tena. Lakini mama wa kambo, alipopata mtoto wake mwenyewe, alimweka Friedrich kando. Basi mtoto akakua mpweke, rafiki zake wakiwa maua na miti ya bustani. Alipokuwa na miaka kumi hivi, mjomba wake alimchukua akae kwake Stadtilm, na huko ndiko alikoonja furaha ya kucheza na wenzake. Hatushangai basi kwamba mtu huyu alitumia uzee wake kuwatafutia watoto wengine kile alichokosa yeye.

Ujanani alijifunza kazi ya misitu, kisha mwaka 1805 akawa mwalimu mjini Frankfurt. Toka 1808 hata 1810 alikaa Yverdon, Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi. Baadaye, mjini Berlin, alifanya kazi katika jumba la mawe na madini, akayatazama sana maumbo yake yaliyo sawasawa. Mwaka 1816 alianzisha shule yake mwenyewe. Lakini kadiri alivyofundisha ndivyo alivyotambua kwamba miaka ya kwanza ya mtoto, kabla hajaingia shule, ilikuwa imeachwa kama shamba lisilolimwa.

Hivyo mwaka 1837 alihamia Bad Blankenburg akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea, alivyoviita zawadi. Ya kwanza ni mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ni tufe na vipande vingine vya mti vyenye maumbo mbalimbali. Ya tatu ni kipande cha mraba kilichogawanyika kuwa vinane vidogo. Mtoto hukivunja, akajenga kiti, ngazi au daraja, kisha hukirudisha kizima. Hapo amekwisha kujua nusu, robo na thumni, wala hakuna aliyemkaririsha. Mwaka 1840 mahali hapo pa michezo alipapa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Tena aliwafundisha wanawake kazi ya ulezi, jambo lililowashangaza wengi wakati ule.

Kisha likaja pigo. Mwezi Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo, ikidai kwamba zinawafundisha watoto kumkana Mungu. Ilikuwa imemchanganya na mpwa wake, Karl Fröbel, aliyekuwa ameandika kitabu cha siasa. Mzee, mtu wa dini toka utotoni, alijitetea, asisikilizwe. Tarehe 21 Juni 1852 alifariki, na marufuku ingali pale pale. Haikuondolewa hata mwaka 1860. Lakini wanawake aliowafundisha hawakukata tamaa: mwaka 1856 mmoja wa wafuasi wake alifungua bustani ya namna hiyo Watertown, huko Marekani.

Wazazi wapenzi, mara ngapi twamkemea mtoto anayepanga vifuniko vya chupa uani, tukidhani apoteza wakati? Na mara ngapi twamlaumu mwalimu wa chekechea kwa kuwa mwana wetu wa miaka minne hajaleta daftari lililojaa maandishi? Vifaa si lazima vinunuliwe. Kokoto, udongo na magunzi vyatosha, mradi mtu mzima yupo karibu, atazama na kujibu maswali.

Kaburi la Fröbel liko Schweina. Juu yake yamesimama mawe matatu, moja juu ya jingine: la mraba, la mviringo kama gogo, na la tufe. Ni vitu vya kuchezea vya watoto wadogo.