Soichiro Honda: Fundi aliyepimwa na vyombo vyake

Kwa mkulima wa mboga anayevuta maji mtoni kwa pampu, au mwenye duka anayewasha jenereta umeme unapokatika, Honda si jina geni. Wengi hulijua kama chapa iliyobandikwa kwenye mashine. Wachache hukumbuka kuwa ni jina la ukoo la mtu, mtoto wa mhunzi wa kijijini, aliyeanza kazi kwa kushika ufagio na kuishia kutengeneza magari madogo ya mwendo kasi yaliyoishangaza dunia.

Maisha ya mtu huyo yana mengi ya kumfaa mfanyabiashara mdogo. Safu hii inachagua jambo moja: namna alivyokijaribu chombo kabla ya kukikabidhi kwa mnunuzi, na namna alivyompokea yule aliyekuja kumwambia kwamba chombo hakijawa tayari.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoa wa Shizuoka, nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alitengeneza na kuuza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji ya Art Shokai. Kazi yake ya kwanza haikuwa ufundi. Alifagia, akambeba mtoto wa tajiri wake mgongoni. Hata hivyo alivumilia, na miaka miwili baadaye, Novemba 1924, alikaa pembeni mwa dereva kama fundi ndani ya gari la mashindano ambalo gereji hiyo ililiunda kwa kutumia injini ya ndege. Walishinda. Mwaka 1928 tajiri wake alimwamini kiasi cha kumruhusu afungue tawi katika mji wa Hamamatsu.

Mwaka 1936 aliendesha gari alilolitengeneza mwenyewe katika mashindano ya Tamagawa, karibu na Tokyo, akiwa na mdogo wake Benjiro. Gari lilipinduka, wote wawili wakaumia. Tangu hapo alijua kwa mwili wake mwenyewe kosa la fundi humfanya nini aliyekaa kwenye usukani.

Aliporudi kazini aliachana na matengenezo akaingia katika uzalishaji. Alitaka kutengeneza ringi za pistoni, vile vipete vinavyozuia gesi na oili ndani ya silinda. Alidhani ni kazi nyepesi. Ringi zake zikawa zinakatika, kwa kuwa hakujua kemia ya chuma, ikabidi ajiandikishe kusoma katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu akiwa mtu mzima mwenye familia. Hakufanya mitihani na hakupata cheti.

Baadaye mnunuzi mkubwa alijitokeza, kampuni ya Toyota. Katika ringi 30,000 zilizotengenezwa, Honda alichagua 50 akazipeleka zikapimwe. Zilizofaulu zilikuwa tatu tu.

Msomaji anayeuza kahawa, mahindi au ufuta anaifahamu hali hiyo vizuri. Mnunuzi hafungui kila gunia. Anachoma bambo, anatoa punje chache kiganjani, na kwa punje hizo anaamua bei ya lori zima au anakataa mzigo. Kuna wauzaji ambao hapo hugombana na mwenye bambo. Honda alifanya jambo la gharama zaidi: kwa takriban miaka miwili alizunguka vyuo na viwanda vya chuma akijifunza kasoro ilipo, hadi Toyota ikapokea mzigo wake.

Vita Kuu ya Pili ilimrudisha nyuma. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, kingine kikaangushwa na tetemeko la ardhi Januari 1945. Mabaki ya kampuni aliyauza kwa yen 450,000 kwa kampuni dada ya Toyota, kisha akakaa takriban mwaka mzima bila kazi ya maana.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na njaa. Mafuta yalikuwa haba, treni zilijaa, na watu walikwenda vijijini kwa baiskeli kutafuta mchele. Honda alipata injini ndogo zilizotumiwa na jeshi kuendeshea jenereta za redio. Akaifunga moja kwenye baiskeli. Inasimuliwa kuwa tangi la kwanza lilikuwa chombo cha kutilia maji ya moto ambacho watu walilalia wakati wa baridi.

Aliyeijaribu barabarani ni mkewe, Sachi.

Bi Sachi alipita na baiskeli hiyo katika barabara zenye watu akiwa amevaa suruali yake nzuri. Aliporudi nguo ilikuwa imechafuka, kwani kabureta ilikuwa ikirusha mafuta. Akamweleza mumewe bila kuficha kwamba kwa hali hiyo wateja watarudi kumgombeza. Kabureta ikarekebishwa. Kama mchumi ningesema huo ndio utafiti wa soko wa bei nafuu kuliko wote: mtumiaji wa kweli, kwenye barabara ya kweli, na nguo zake mwenyewe.

Kampuni ya Honda Motor iliandikishwa Septemba 1948 ikiwa na mtaji wa yen milioni moja na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alijiunga Takeo Fujisawa, ambaye alishika fedha na mauzo huku Honda akibaki na mashine. Wawili hao waligawana kazi kwa namna ambayo wabia wengi wa biashara huishindwa. Honda hata mhuri wa kampuni alimwachia mwenzake.

Jaribio lao maarufu lilifanyika Julai 1951. Pikipiki mpya ya Dream E, yenye injini ya cc 146, ilipelekwa kwenye mlima wa Hakone, ambako injini nyingi za wakati huo zilichemka na kuzimika njiani. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Kijana Kiyoshi Kawashima aliendesha pikipiki, na wakubwa hao wawili wakamfuata kwa gari. Kawashima alipanda mlima bila kusimama hadi gari la mabosi wake likaachwa nyuma. Walipomkuta kileleni wote watatu walikuwa na furaha isiyo na kifani. Huyo Kawashima ndiye aliyekuja kurithi kiti cha urais wa kampuni mwaka 1973.

Kuanzia mwaka 1953 Honda walitengeneza pia injini ndogo za kufunga kwenye mashine za shambani, na mwaka 1959 wakatoa pawatila ya kulimia, F150. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetoka Super Cub, pikipiki ambayo hadi mwaka 2017 jumla yake ilifikia milioni 100 kwa matoleo yote. Hizo zinatosha kitabu kizima, nasi tunaziruka ili tufike kwenye magari.

Mwaka 1961 wizara ya biashara na viwanda ya Japani ilikuja na mpango wa sheria ambao ungezuia kampuni mpya kuingia katika utengenezaji wa magari. Hoja ya wizara ilikuwa kwamba nchi ina viwanda vingi vidogo vya magari, na soko likifunguliwa kwa wageni vyote vitamezwa. Honda, ambaye hakuwa ameuza hata gari moja, aliipinga vikali hoja hiyo. Ilikuwa lazima awe na gari sokoni kabla mlango haujafungwa. Muswada huo hatimaye ulikwama bungeni mwaka 1964, lakini mwaka 1961 hakuna aliyelijua hilo.

Alichagua kutengeneza gari dogo la viti viwili, la wazi na la mwendo kasi. Juni 1962 mawakala wa kampuni kutoka pande zote za Japani walikusanyika Suzuka, ambako uwanja wa mashindano ulikuwa bado unajengwa. Gari la mfano lilitolewa, na aliyekuwa kwenye usukani ni rais wa kampuni mwenyewe, mwenye umri wa miaka 55. Wale waliotarajiwa kulipokea na kuliuza walikuwa wakitazama.

Gari lile la injini ya cc 360 halikuingia sokoni. Lilikuzwa likawa S500, lililoanza kuuzwa Oktoba 1963. Hata rangi yake iligombewa. Serikali ilikuwa imeitenga rangi nyekundu kwa magari ya dharura kama ya zimamoto, nao Honda wakabishana na maofisa hadi wakaruhusiwa kuitumia. Bei ilifanywa chemshabongo ya magazetini, watu wakaombwa kuikisia, na kadi za majibu zikafika mamilioni. Jibu lilikuwa yen 459,000.

Mnunuzi aliyelijaribu gari hilo alikutana na mambo asiyoyazoea. Injini ilikuwa ya cc 531 tu, ndogo kuliko za baadhi ya pikipiki, lakini ilitoa nguvu farasi 44 ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika, ikiwa na kabureta nne. Dereva aliyezoea gari la kawaida, anayebadilisha gia mapema, aliliona zito na halina nguvu. Aliyethubutu kuiacha injini ilie ndiye aliyelipata gari lenyewe. Magurudumu ya nyuma yalizungushwa kwa cheni, mfano wa pikipiki, kila moja ikiwa ndani ya kisanduku chenye oili. Mtu alipokanyaga mafuta kwa nguvu, sehemu ya nyuma iliinuka kidogo badala ya kuzama. Ukilizunguka gari hilo limeegeshwa, ukapapasa rangi na kukaa kwenye viti, hayo yote huyajui.

Miezi miwili kabla ya S500, Agosti 1963, Honda walitoa lori dogo, T360, kwa ajili ya wenye biashara ndogo. Nalo lilipewa injini ya aina hiyohiyo, ya cc 354 na nguvu farasi 30 kwenye mizunguko ya juu. Hapa nina shaka na uamuzi wake. Mbeba kabichi anataka nguvu ya kuondokea mlimani akiwa na mzigo, hana haja na injini inayopata nguvu ikiwa inapiga kelele. Anayenunua pikapu leo, mpya au iliyotumika, alijaribu likiwa na mzigo wake na kwenye kilima chake. Kulizungusha tupu kwenye lami ya mjini kunamfaa zaidi muuzaji.

S500 ilifuatiwa na S600 mwaka 1964 na S800 mwaka 1966, iliyofikia nguvu farasi 70 na ambayo baadaye iliacha cheni. Wakati huohuo kampuni iliingia mashindano ya Formula One na kushinda Mexico mwaka 1965. Honda akawa mzee mwenye sifa, anayeogopwa katika karakana zake.

Hapo ndipo sikio lilipoanza kuwa zito. Aliamini kuwa injini ya kupozwa kwa hewa ni bora kuliko ya maji, akaagiza gari la mashindano la namna hiyo, RA302, lenye bodi ya magnesi. John Surtees, bingwa wa dunia wa mwaka 1964 na dereva wa timu, alilijaribu akasema halijawa tayari na ni la hatari. Akakataa kulishindania. Gari likaingizwa hata hivyo katika mashindano ya Ufaransa, mjini Rouen, tarehe 7 Julai 1968, likiendeshwa na Mfaransa Jo Schlesser. Katika mizunguko ya mwanzo, barabara ikiwa na maji, lilitoka njiani likawaka moto. Schlesser alifia humo. Mwisho wa mwaka huo Honda walijitoa Formula One.

Ajali ina sababu nyingi, na mvua ilikuwepo. Lakini mtu aliyelipwa kupima alikuwa ameshatoa majibu, na majibu hayo hayakulizuia gari. Linganisha na suruali ya Bi Sachi.

Mzee hakubadilika mara moja. Mwaka 1969 alitoa gari la abiria la kupozwa kwa hewa, H1300, lililokuwa ghali kutengeneza na halikuuzika kama ilivyotarajiwa. Vijana wa utafiti walitaka maji, hasa kwa kuwa Marekani ilikuwa inaandaa sheria kali ya moshi, iliyopitishwa mwaka 1970. Walikwenda kwa Fujisawa. Yeye alimwendea mwenzake na kumtaka achague kama atabaki kuwa rais wa kampuni au fundi. Honda alichagua urais, na vijana wakaruhusiwa.

Matokeo yake yalikuwa gari la Civic, lililotoka mwaka 1972, na injini ya CVCC ambayo ilikuwa ya kwanza kufaulu kipimo cha moshi cha Marekani. Yeye alikuwa akilitazama suala hilo kama nafasi ya kuwashinda watengenezaji wakubwa wa Marekani. Vijana walimweleza kuwa wanalifanya kwa ajili ya hewa watakayovuta watoto wao. Alitambua kuwa wamemzidi.

Oktoba 1973 Honda na Fujisawa waliacha madaraka siku moja. Hakuna mtoto wa Honda aliyerithi kiti. Mzee alianza safari ya kuzunguka karakana na vituo vya kampuni kote Japani, vikiwemo vile vyenye watu wawili watatu, akishikana mikono na wafanyakazi. Baadhi ya mafundi walisita kwa kuwa mikono yao ilikuwa na grisi. Akaishika hivyohivyo.

Fujisawa alifariki dunia mwaka 1988. Honda alifuata tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kusifanyike mazishi makubwa ya kampuni, kwa sababu msafara wa magari ungeleta foleni na kuwasumbua watu barabarani.